Vita Vilivyopanda Uluguru kwa Hatua Ndogo Ndogo

Vijana wanaosoma historia katika shule za sekondari za Morogoro hutuuliza swali jepesi kulitamka na zito kulijibu: ugomvi wa wafalme wa Ulaya uliingiaje Matombo, Mgeta na Kisaki? Mluguru wa mwaka 1914 hakuwa na kisa na mtu wa London, wala Mkikuyu hakuwa na kisa na mtu wa Berlin. Zaidi ya hayo, palikuwa na mkataba ulioandikwa na kutiwa sahihi na mataifa makubwa, uliosema kwamba Ulaya ikipigana, nchi hizi zetu zingeweza kubaki nje ya vita. Hata hivyo, miaka miwili baada ya vita kuanza, risasi zilikuwa zikilia pande zote mbili za milima yetu.

Tumeona ni vyema tuieleze safari hiyo kwa utaratibu, kwa kuwa ndani yake mna funzo linalozidi somo la tarehe na majina ya majemadari. Hapakuwa na siku moja ambayo mkubwa yeyote alisimama akatangaza kwamba leo tunaiacha amani. Palikuwa na hatua nyingi fupi, na kila hatua aliyeipiga aliiita tahadhari. Zilipojumlishwa, zikawa ni vita kamili.

Ahadi iliyoandikwa Berlin

Tarehe 26 Februari 1885, wajumbe wa mataifa ya Ulaya, na miongoni mwao mjumbe wa Dola ya Uthmaniya, walitia sahihi Mkataba Mkuu wa Berlin. Sisi tunaukumbuka mkataba huo kwa jambo la kugawana Afrika, na ni haki yetu kuukumbuka hivyo. Lakini ndani yake mlikuwa pia na sura iliyohusu kutofungamana na upande wowote wakati wa vita. Sura hiyo ilihusu bonde la Kongo kwa maana pana ya kibiashara, eneo lililonyooshwa upande wa mashariki hadi Bahari ya Hindi, kuanzia digrii 5 kaskazini ya ikweta hadi mlango wa mto Zambezi. Afrika Mashariki ya Kijerumani yote ilikuwa humo, na Uganda pamoja na sehemu kubwa ya Kenya.

Ibara ya 10 iliyataka mataifa yaheshimu nchi yoyote ya eneo hilo ambayo ingetangaza kutokuwa na upande, ilimradi nchi hiyo itimize wajibu unaotokana na tamko lake. Ibara ya 11 ilitazama hali ambapo dola yenye koloni katika eneo hilo imeingia vitani: hapo koloni lingeweza kuwekwa nje ya vita, kwa ridhaa ya pande zote mbili zinazopigana.

Neno zito hapo ni ridhaa. Mkataba haukumlazimisha mtu kuacha kupigana. Ulimfungulia mlango tu, kama ataka kupita. Haukuwa na mlinzi, hakimu wala adhabu. Na wenyeji wa nchi zilizotajwa, ambao miili yao ndiyo ingekuwa rehani, hawakuulizwa jambo lolote, si mwaka 1885 wala mwaka 1914.

Gavana na kamanda

Mwaka 1914 gavana wa koloni la Wajerumani alikuwa Heinrich Schnee, aliyeshika kazi hiyo tangu mwaka 1912. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilikuwa vimeiacha nusu ya kusini ya nchi ikiwa majivu na makaburi, na serikali yake ilikuwa ikijaribu kuujenga upya uchumi. Reli ya Kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907, ilikuwa imefika Kigoma mapema mwaka huohuo wa 1914. Maonesho makubwa ya kusherehekea reli hiyo yalipangwa kufanyika Dar es Salaam mwezi wa Agosti. Kwa Schnee, vita vilikuwa na maana ya kuharibu kila kilichojengwa, na pengine kuamsha uasi mwingine. Akashikilia Mkataba wa Berlin.

Tusimpambe kwa sifa asizostahili. Amani aliyoitaka ilikuwa ya kulinda mashamba, reli na utawala wa kigeni juu ya watu wetu. Hata hivyo, ilikuwa ni amani, na laiti ingesimama, maelfu kwa maelfu wangeishi.

Kamanda wa jeshi la koloni, Paul von Lettow-Vorbeck, aliyefika nchini Januari 1914, aliona vingine. Jeshi lake lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 na Wajerumani wapatao 260. Alijua kwamba hawezi kuishinda Uingereza. Hoja yake ilikuwa kwamba kila askari wa Uingereza atakayeletwa Afrika ni askari atakayekosekana katika uwanja wa vita wa Ulaya. Kwa hesabu hiyo, nchi yetu ilikuwa chambo: thamani yake ni kumchelewesha samaki.

Hata upande wa pili wa mpaka mawazo hayakuwa mamoja. Gavana wa Kenya, Sir Henry Belfield, alisema waziwazi kwamba koloni lake halikuwa na maslahi katika vita hivyo isipokuwa kwa sababu ya ujirani wake na Wajerumani. Ubelgiji nayo, mwezi wa Agosti, ilipendekeza kwamba Kongo ibaki nje. Basi palikuwapo magavana na mawaziri walioitaka njia ya amani. Kilichokosekana ni mtu wa kuilinda.

Hatua moja baada ya nyingine

Tarehe 31 Julai 1914, kabla Uingereza haijaingia vitani, manowari ya Kijerumani Königsberg iling'oa nanga Dar es Salaam ili isije ikafungiwa bandarini. Hiyo iliitwa tahadhari. Tarehe 6 Agosti, karibu na pwani ya Omani, iliikamata City of Winchester, meli ya biashara ya Kiingereza iliyobeba chai. Mara moja bandari za koloni zikaonekana na Waingereza kuwa ni maficho ya mwindaji.

Tarehe 8 Agosti manowari ya Uingereza Astraea ikaja Dar es Salaam na kuupiga mizinga mnara wa simu ya upepo, ili Königsberg isipate habari. Hiyo nayo iliitwa tahadhari. Wajerumani walizamisha gati lao linaloelea katika mlango wa bandari. Kisha yakafanyika mapatano: Dar es Salaam na Tanga zisifanye tendo la uadui, na manowari za Uingereza zisizipige. Schnee aliyapokea kwa moyo mkunjufu, kisha akahamia Morogoro, mji ambao mizinga ya manowari haiufikii. Hivyo mji wetu, uliokuwa kituo cha reli chini ya mlima, ukawa makao ya gavana aliyekuwa bado akitumaini kwamba vita vingepita mbali.

Lakini mapatano hayo yalikuwa na ufa tangu siku ya kwanza. Yalifanywa na maofisa waliokuwa hapo baharini, na wakubwa wao London hawakuyaridhia. Kwa upande wa Wajerumani, kamanda wao hakuyapenda. Tarehe 15 Agosti, kikosi cha Wajerumani kiliiteka Taveta, ndani ya mpaka wa Kenya. Sababu iliyotolewa ni kuzuia njia ambayo adui angeweza kuitumia. Tarehe 22 Agosti, mashua ya kivita ya Wajerumani katika Ziwa Tanganyika ilishambulia bandari ya Lukuga upande wa Kongo. Ubelgiji, iliyokuwa imeagiza majeshi yake ya Kongo yajilinde tu, ikaliacha wazo la kubaki nje. Siku hizohizo, Berlin ilikuwa ikiiomba Marekani isaidie kuziweka nchi za bonde la Kongo nje ya vita. Mkono mmoja ulikuwa ukiandika barua ya amani, na mwingine ukijaza baruti.

Tarehe 20 Septemba Königsberg iliingia Zanzibar alfajiri na kuizamisha manowari ya Uingereza Pegasus iliyokuwa ikitengenezwa bandarini. Mabaharia wake wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, na makaburi yao yapo hadi leo. Baada ya hapo, London haikuwa na hamu ya kusikia habari za ibara ya 10 wala ya 11.

Tarehe 2 Novemba manowari Fox ilifika Tanga na kumwarifu mkuu wa wilaya kwamba mapatano yamevunjika. Schnee alikuwa ametaka Tanga iepushwe na mizinga kwa gharama yoyote. Lettow-Vorbeck aliamua kuipigania, akijibebesha mwenyewe dhamana ya uamuzi huo. Kwa siku tatu, Wajerumani na askari wao wapatao 1,000 waliwashinda watu wapatao 8,000, wengi wao askari wa Kihindi, walioletwa kwa meli kutoka Bombay. Waingereza waliondoka wakiacha mamia ya bunduki, rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000.

Ushindi huo ndio uliofunga mlango. Kabla ya Tanga, gavana aliweza kusema kwamba hatuna uwezo wa kupigana. Baada ya Tanga, silaha zilikuwapo, sifa zilikuwapo, na mtu aliyeshauri amani alionekana mwoga.

Istanbul nayo ilikwenda vivyo hivyo

Msomaji wa gazeti hili atataka kujua: Waislamu walikuwa wapi? Jibu linatupeleka Istanbul, kwa sababu Dola ya Uthmaniya ilipita njia ileile, tena katika miezi ileile.

Dola hiyo ilitangaza kwamba haina upande. Lakini tarehe 2 Agosti 1914 baadhi ya wakubwa wake walikuwa wameshatia sahihi mkataba wa siri na Ujerumani. Tarehe 10 Agosti manowari mbili za Kijerumani, Goeben na Breslau, zikikimbizwa na Waingereza, zilifunguliwa mlango wa Dardaneli. Ili sheria ya kutokuwa na upande isionekane imevunjwa, ikasemwa kwamba zimenunuliwa. Zikapewa majina ya Yavuz Sultan Selim na Midilli, na mabaharia wake Wajerumani wakavikwa tarbushi. Tarehe 29 Oktoba manowari hizo zilishiriki kuzipiga bandari za Urusi katika Bahari Nyeusi. Urusi ikatangaza vita tarehe 2 Novemba, siku ileile Fox ilipotia nanga Tanga. Tarehe 14 Novemba ukatangazwa Istanbul wito wa jihadi dhidi ya Uingereza, Ufaransa na Urusi.

Wito huo ulisambazwa huku kwetu na utawala wa Kijerumani. Hapa historia ina kejeli yake. Mnamo Oktoba 1913, serikali ya gavana Schnee ilikuwa imewatumia wakuu wa vituo waraka wa kuuliza jinsi Uislamu unavyoenea na njia gani zingefaa kuuzuia. Mwaka haukupita sana, na utawala uleule ukawa unalitumia jina la jihadi kuwahimiza Waislamu wapigane kwa ajili ya mfalme wa Ujerumani.

Na Waislamu walipigana, kila upande. Walikuwamo wengi miongoni mwa askari wa Wajerumani. Walikuwamo katika kikosi cha KAR cha Waingereza, katika vikosi vya Kihindi, na baadaye katika vile vilivyoletwa kutoka Nigeria. Muumini aliswali upande huu wa mto na muumini mwenzake akaswali upande wa pili, wote wakielekea kibla kimoja, kisha wakapigana risasi kwa amri ya watu wasioswali. Surat Al-Hujurat inatuagiza tuyasuluhishe makundi mawili ya waumini yanapopigana. Katika vita hivyo msuluhishi hakupewa nafasi ya kukaa.

Hata Ureno, iliyokuwa jirani yetu ng'ambo ya Ruvuma, haikusalimika. Iliendelea kujiita isiyo vitani mpaka Februari 1916, ilipozikamata meli za Kijerumani zilizokuwa katika bandari zake kwa ombi la Uingereza. Ujerumani ikaitangazia vita tarehe 9 Machi, na mwezi uliofuata Wareno wakaitwaa Kionga, kusini ya mlango wa Ruvuma.

Mwaka wa Uluguru

Machi 1916, Jenerali Smuts wa Afrika Kusini alianza kusukuma majeshi ya Uingereza kutoka upande wa Kilimanjaro. Katikati ya Agosti palipiganwa Dakawa, katika kivuko cha mto Wami. Wajerumani waliorudi nyuma walivunja madaraja ya Reli ya Kati na kuviporomosha makorongoni vichwa vya treni na mabehewa. Tarehe 26 Agosti 1916 Waingereza waliingia Morogoro. Mji uliochaguliwa kuwa kimbilio la amani ukawa kituo cha jeshi.

Smuts alidhani angemkuta Lettow-Vorbeck akisubiri pigano la mwisho. Hakumkuta. Majeshi ya Wajerumani yalikuwa yamepita milimani kuelekea Kisaki. Waingereza wakayafuata kwa njia mbili: upande wa magharibi kupitia Mlali, na upande wa mashariki kupitia Mikese, Matombo na Tulo. Barabara zilichongwa katika miamba ambayo mpaka hapo ilijua nyayo za watu tu. Farasi na nyumbu walikufa kwa ndorobo. Mapigano ya Kisaki yalifanyika katika siku za kwanza za Septemba. Wajerumani wakavuka Mgeta, na pande zote mbili zikakwama hapo. Mvua za mwishoni mwa 1916 na mwanzo wa 1917 ziligeuza nchi iliyo kati ya Mgeta na Rufiji kuwa ziwa la matope.

Katika nchi isiyo na reli, isiyo na farasi na isiyo na barabara wakati wa mvua, mzigo wa vita hubebwa na kichwa cha mtu. Majeshi yote mawili yalichukua wapagazi, kwa ujira mdogo au kwa nguvu. Yalichukua mahindi, mtama, mpunga na mifugo ya vijiji vyote yaliyopita. Kwa upande wa Uingereza pekee, waliotumikishwa kubeba mizigo katika vita vya Afrika Mashariki hukadiriwa kuwa karibu milioni 1, na wanahistoria wengi wanaona kwamba waliokufa wanakaribia 100,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, homa, njaa na baridi ya mvua. Kwa jirani zetu wa Ugogo, njaa iliyofuata ilipewa jina la Mtunya, nayo iliendelea hadi mwaka 1920. Lettow-Vorbeck hakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, ambako leo panaitwa Mbala, nchini Zambia. Gavana Schnee alikuwa pamoja naye mpaka siku hiyo ya mwisho. Aliyetaka kukaa nje ya vita alivifuata vita kwa miguu hadi mwisho wake.

Jina la Kariakoo, ambalo kila mfanyabiashara wa nchi hii analijua, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi wa Waingereza. Tunalitamka kila siku tukinunua nguo na sufuria, na wachache wetu tunakumbuka kwamba ni jina la msiba.

Tunalolichukua

Tukiitazama safari hii toka Berlin hadi Kisaki, tunaona kwamba kutokuwa na upande hakumaanishi kukaa kimya. Ni kazi, na kazi hiyo ina masharti. Ukitangaza kwamba hupigani, huwezi kumfungulia mlango anayepigana, hata kama ni rafiki, hata kama unabadilisha jina la meli yake. Dini yetu imelifundisha hili kabla ya Berlin: Surat Al-Maida inaanza kwa kuamrisha kutimiza ahadi, na Surat Al-Anfal inaelekeza kwamba ukihofia hiana kwa watu mlioahidiana nao, uwarudishie ahadi yao wazi, wala usiwavizie. Mkataba wa siri wa tarehe 2 Agosti ulikuwa umeshaivunja amani ya Istanbul miezi mitatu kabla ya mizinga kulia.

Tunaona pia kwamba kila upande ulijihesabia hatua zake kuwa ni kinga, na zile za mwenzake kuwa ni uchokozi. Jambo hili halihusu madola peke yake. Wale tunaoketi katika kamati za misikiti tumeona koo mbili zilizooana zikifarakana kwa njia hiyohiyo: huyu haji mazikoni kwa tahadhari, yule hamwiti arusini kwa tahadhari, mpaka watoto wa mama mdogo na mama mkubwa wanapitana barabarani bila salamu. Mwenye kusuluhisha asingoje siku ya kupigana. Aingie siku ya hatua ya kwanza, wakati mtu anaweza bado kurudi nyuma bila kuona haya.

Na tunaona kwamba waliopiga hatua hizo hawakuwa wao waliobeba mizigo. Vijana wetu leo husikia habari za vita vya mbali katika simu zao, na wengine hushangilia upande mmoja kama wanavyoshangilia timu. Tuwaeleze kwamba babu zao walikwisha kuwa wapagazi wa ugomvi usiokuwa wao, na kwamba swali la kwanza la Mwislamu juu ya vita vyovyote liwe: ni nani atakayebeba?

Katika mji wetu yapo makaburi ya wanajeshi wa vita hivyo, yanayotunzwa vizuri, kila jiwe na jina lake. Mpagazi wa Matombo au Mgeta ni nadra kulikuta jina lake mahali popote. Jina lake, kama lipo, limo vinywani mwa wajukuu na vitukuu. Tunawaomba wazazi, katika mazungumzo ya baada ya Isha au mapumziko ya Ijumaa, wawaulize wazee wa ukoo: nani katika sisi alichukuliwa kubeba mizigo, alirudi au hakurudi, na alikuwa mwana wa nani? Watoto wayaandike majibu katika daftari pamoja na majina ya koo. Kisha tuwaombee dua kwa majina yao, kama tunavyowaombea marehemu wetu wengine. Allah awarehemu, na aijaalie nchi yetu iwe ya watu wanaoizima fitina ingali cheche. Amin.